UZI: Mkenya aliye Marekani anaruhusiwa kumiliki bunduki? Jibu haliko kwenye pasipoti

1. Kila mdahalo wa usalama ukichacha hapa kwetu, lazima mtu aitaje Marekani. Mmoja anasema, "Kule hata mgeni akishuka kwenye ndege anaingia dukani ananunua bastola kama mkate." Mwingine anamjibu, "Wacha uongo, kule bunduki ni za raia peke yao." Watu wanapiga makofi pande zote mbili. Wote wawili wamekosea, na kosa lenyewe linaweza kumpeleka ndugu yako jela. Ketini, tulielewe polepole.

2. Kwa nini litusumbue? Kwa sababu watu wetu wako kule: Minnesota, Texas, Massachusetts, Georgia. Binamu yuko chuoni, shangazi ni muuguzi, jirani alibahatika na ile bahati nasibu ya grini kadi. Wote ni Wakenya, pasipoti zao zinafanana. Lakini mbele ya sheria ya bunduki ya Marekani, hao watatu si sawa hata kidogo.

3. Msingi kwanza. Marekebisho ya Pili ya Katiba ya Marekani, ya mwaka 1791, yanalinda haki ya watu kuwa na silaha. Mwaka 2008, katika kesi ya Heller, Mahakama ya Juu ya kule ilisema hiyo ni haki ya mtu binafsi, si ya vikosi vya wanamgambo tu. Wengi huishia hapo kusoma. Lakini haki hiyo ina ua, na ua wenyewe ni Sheria ya Kudhibiti Bunduki ya mwaka 1968 pamoja na marekebisho yake. Ndani yake kuna orodha ya watu wasioruhusiwa kuwa na bunduki wala risasi. Makundi mawili ya wageni yamo humo.

4. Kundi la kwanza: mtu aliye Marekani kinyume cha sheria. Aliingia bila kibali, au viza yake ilikwisha akabaki. Huyu amezuiwa kabisa.

Kundi la pili: mtu aliyeingia kwa viza ya muda, yaani ile isiyo ya kuhamia. Hapa wamo watalii, wanafunzi wa F-1, wale wa mabadilishano wa J-1, na hata wale wataalamu wa kompyuta wenye H-1B na mishahara minono. Mtu anaweza kuwa anaishi kule kihalali, analipa kodi, hana doa lolote polisi, na bado sheria inamwambia: wewe bunduki hapana.

5. Na walio nje ya katazo hilo? Mwenye grini kadi, yaani mkaaji wa kudumu. Kwa sheria ya taifa zima, yeye anaweza kununua na kumiliki bunduki kwa masharti karibu sawa na ya raia. Mkimbizi aliyepokelewa rasmi na mtu aliyekwisha kupewa hifadhi pia hawahesabiwi kuwa watu wa viza ya muda.

Kwa hivyo yule aliyesema "bunduki ni za raia peke yao" tumemaliza naye. Si kweli.

6. Sasa turudi kwa wale ndugu zetu watatu.

Binamu wa chuoni, F-1: amezuiwa.
Jirani wa bahati nasibu: aliingia akiwa mkaaji wa kudumu, anaruhusiwa.
Shangazi muuguzi: inategemea. Kama aliajiriwa kwa viza ya kuhamia, ambayo ndiyo njia ya wauguzi wengi, anaruhusiwa. Kama aliingia kwa viza ya masomo na ombi lake la grini kadi bado linashughulikiwa, bado amezuiwa. "Kadi iko njiani" si kadi. Hapa ndipo watu huteleza.

7. Katazo hili la viza za muda lina historia yake. Februari 1997, mzee wa miaka 69 aliyeingia Marekani kama mtalii alipanda ghorofa ya juu ya Empire State Building, New York, akawafyatulia watu risasi. Alimuua mtu mmoja, akajeruhi wengine, kisha akajiua. Bastola aliinunua dukani Florida muda mfupi baada ya kufika nchini, kwa kitambulisho alichopata kwa kutumia anwani ya moteli. Mwaka 1998 Bunge la Marekani likaufunga mlango huo.

Kwa hivyo ile stori ya "unashuka kwenye ndege unanunua" ilikuwa na ukweli wakati fulani. Ilikwisha 1998. Wanaoirudia leo wanasimulia habari ya kitambo.

8. "Lakini mbona najua msee wa F-1 ana bunduki, na hajashikwa?" Nilijua mtauliza.

Sheria ina mianya michache, na ule unaojulikana zaidi ni wa uwindaji. Mtu wa viza ya muda mwenye leseni halali ya kuwinda, iliyotolewa na jimbo la Marekani na ambayo haijaisha muda, anatolewa kwenye katazo. Wapo pia maafisa wa serikali za kigeni waliotambuliwa rasmi, na polisi wa nchi rafiki walio kazini. Kuna hata njia ya kuomba msamaha maalum kwa Mwanasheria Mkuu baada ya kuishi kule siku 180 mfululizo, ukiwa na barua ya ubalozi wako.

9. Ila sikilizeni vizuri kuhusu leseni ya kuwinda. Inamsaidia mtu wa viza ya muda iliyo hai tu. Aliyekaa kupita muda wake haimsaidii chochote, hata awe na leseni kumi. Leseni ikiisha tarehe 31, tarehe 1 bunduki ile ile iliyokuwa halali inakuwa ushahidi dhidi yako. Haki inayoning'inia kwenye kikaratasi cha mwaka mmoja si ya kujivunia mbele ya watu.

10. Ununuzi wenyewe unaendaje? Kwa muuzaji mwenye leseni, mnunuzi hujaza Fomu 4473 ya shirika la ATF. Fomu inauliza uraia wako. Inauliza kama uliingia kwa viza ya muda, na kama ndiyo, msamaha wako ni upi. Asiye raia anaandika namba yake ya uhamiaji. Kisha muuzaji anawasiliana na mfumo wa ukaguzi wa rekodi uitwao NICS, ambao FBI wanauendesha tangu 1998. Jibu ni moja kati ya matatu: endelea, subiri, au umekataliwa.

Umri nao unahesabika: miaka 18 kwa bunduki ndefu, 21 kwa bastola ukinunua kwa muuzaji mwenye leseni. Bastola unaipata kwenye jimbo unaloishi, si jimbo lolote utakalo.

11. Ukidanganya kwenye fomu hiyo, kudanganya kwenyewe ni kosa la jinai, kifungo hadi miaka 10. Hata kama bunduki hukuipata.

Na ile njia ya "wewe una kadi, hebu ninunulie, nitakurudishia pesa"? Tangu 2022 kuna sheria mahususi dhidi ya kumnunulia mtu aliyezuiwa, na adhabu inafika miaka 15. Fikiria vile sisi hufanyiana hisani: kuazimana gari, kusimamiana mkopo, kuchukuliana mzigo. Hii si mojawapo. Shangazi mwenye kadi anayemfanyia mpwa wake "kafeva kadogo" anaweza kupoteza kila kitu alichojenga kwa miaka 20.

12. Sasa tufike kwenye ile picha. Mnaijua. Kijana amefika majuu juzi juzi, wenzake wa chuo wamempeleka uwanja wa kulenga shabaha. Miwani, vizuia sauti masikioni, bunduki mkononi, tabasamu. Picha inatua kwenye grupu ya familia na mjomba anaandika, "Kamanda!"

Kijana hajanunua chochote. Amekodi kwa saa moja. Kuna shida?

13. Shida ipo. Sheria haiulizi kama bunduki ni yako kwa risiti. Inauliza kama ulikuwa nayo mikononi, au chini ya uwezo wako. Kukodi uwanjani kunatosha.

Hili si la kufikirika. Kuna kesi inaitwa Rehaif, ilifika Mahakama ya Juu ya Marekani mwaka 2019. Mwanafunzi kutoka Falme za Kiarabu alikuwa Florida kwa viza ya masomo. Alama zikawa mbaya, chuo kikamwondoa, na hapo uhalali wake wa kukaa ukakatika. Yeye akabaki. Akaenda uwanja wa shabaha, akapiga risasi kwa bunduki za pale. Alishtakiwa na akapatikana na hatia.

14. Mahakama ya Juu, kwa kura 7 kwa 2, ilisema upande wa mashtaka lazima uthibitishe mambo mawili: kwamba mtu alijua ana bunduki, na kwamba alijua yuko kwenye kundi lililozuiwa. Watu wengine waliisoma wakafurahi: "Si basi niseme tu sikujua!"

Pole pole. Mahakama haikusema kutojua sheria ni kinga. Ilizungumzia kujua hali yako, kwamba viza yako imekatika au ni ya aina gani. Na kijana aliyetuma barua pepe ofisi ya wanafunzi wa kigeni kuuliza "nimeondolewa, sasa viza yangu inakuwaje?" tayari ameacha maandishi yanayoonyesha alijua.

15. Kuna hali nyingine haizungumzwi sana: ndoa. Mkenya wa viza ya muda ameoa au ameolewa na raia. Mwenzake ana bastola, iko kwenye droo kando ya kitanda. Mkenya hajawahi kuigusa. Mwendesha mashtaka anaweza kudai kwamba mradi unajua ipo na unaweza kuifikia na kuitumia utakavyo, iko mikononi mwako kisheria.

Busara ni bunduki hiyo ikae kwenye sefu ambayo mwenye bunduki peke yake ndiye ana ufunguo au namba. Litasikika kama ukosefu wa imani ndani ya nyumba, lakini ndilo linalomlinda asiye na kadi.

16. Adhabu? Mtu aliyezuiwa akipatikana na bunduki, kifungo ni hadi miaka 15. Ilikuwa 10, ikaongezwa mwaka 2022.

Lakini kwa mgeni, jela ni nusu ya habari. Sheria ya uhamiaji ya Marekani inasema asiye raia yeyote aliyepatikana na hatia ya kununua, kuuza, kuwa na au kubeba bunduki kinyume cha sheria anaweza kufukuzwa nchini. Yeyote. Hata mwenye grini kadi. Raia akifanya kosa hilo anatumikia kifungo na kurudi kwake. Mkaaji anaweza kumaliza kifungo, halafu akapandishwa ndege kuja JKIA, watoto wake wakibaki kule.

Hii ndiyo tofauti ambayo wanasiasa hawaitaji kwenye jukwaa. Haki ya kununua inakaribiana. Gharama ya kukosea haikaribiani hata kidogo.

17. Kwa hivyo wewe mwenye kadi usishangilie mapema. Kuna mitego mitatu.

Wa kwanza ni ugomvi wa nyumbani. Tangu 1996, mtu aliyehukumiwa hata kwa kosa dogo la kumpiga mwenzi wake amezuiwa kuwa na bunduki. Na ukiwa chini ya amri ya mahakama inayokukataza kumtisha mwenzi wako, amezuiwa vile vile, jambo ambalo Mahakama ya Juu ililikubali mwaka 2024 katika kesi ya Rahimi. Hapa nyumbani mambo kama hayo wazee huyaketia yakaisha kwa chai. Kule polisi wakiitwa usiku mmoja, faili linafunguliwa.

18. Mtego wa pili ni bangi. Katika majimbo mengi inauzwa dukani waziwazi. Lakini Fomu 4473 yenyewe ina onyo kwamba kuhalalishwa na jimbo hakuifuti sheria ya shirikisho. Kuna watu wanaopambana na katazo hilo mahakamani, na hao wana nafasi ya kupambana. Mgeni hana nafasi hiyo, kwa sababu kukiri tu kutumia bangi kunaweza kumletea matatizo kwenye faili la uhamiaji.

19. Mtego wa tatu ni mipaka ya majimbo. Marekani si nchi moja kwa habari ya bunduki. Texas tangu 2021 mtu mzima asiye na kizuizi anaweza kubeba bastola bila leseni. Illinois lazima uwe na kitambulisho cha wamiliki wa silaha kinachoitwa FOID kabla hata ya kununua risasi. New York bastola inahitaji leseni, kuibeba au kuiweka nyumbani.

Kwa hivyo Mkenya wa Dallas akiamua kuendesha gari hadi harusi ya ndugu yake New York, bastola ikiwa kwenye gari vile amezoea, anaweza kulala seli. Alichokuwa nacho kwao kihalali, huku ni jinai. Na tukumbuke post ya 16: jinai ya bunduki kwake inaweza kuwa tiketi ya kurudi nyumbani.

20. Je, nchi nyingine? Haraka haraka, ili mdahalo usiwe wa Marekani tu.

Afrika Kusini: sheria ya mwaka 2000 inataka mwombaji awe raia au mkaaji wa kudumu, umri wa miaka 21, tena apate kwanza cheti cha umahiri.
Ujerumani: lazima uonyeshe haja ya kweli, na mamlaka zinaweza kukukatalia kama hujaishi nchini angalau miaka 5.
Uingereza: polisi ndio hutoa cheti, na bastola za kawaida zilipigwa marufuku 1997 baada ya mauaji ya shule ya Dunblane mwaka uliotangulia.

Ukiangalia nchi hizo, swali karibu kila mahali ni lile lile: umejifunga kiasi gani na nchi hii? Rangi ya pasipoti haitoshi kulijibu.

21. Na hapa Kenya? Katiba yetu ya 2010 haina haki ya kubeba silaha. Sheria yetu ya Silaha za Moto, Sura ya 114, inafanya bunduki kuwa ruhusa. Unaomba, unaeleza sababu nzuri, unapigwa msasa, unapewa cheti, na cheti kinahitaji kuhuishwa. Wenye leseni waliwahi kuambiwa warudi wakaguliwe upya. Haki ya kikatiba haichukuliwi hivyo. Ruhusa inachukuliwa.

Kwa hivyo anayesema "tuige Marekani" aulizwe: unataka tuige haki, au unataka tuige ua? Kwa sababu kule vyote viwili huja pamoja.

22. Na kwa wale wanaofunga virago kurudi: karatasi za Texas hazina kazi Nairobi. Kuleta bunduki kunahitaji kibali cha Kenya cha kuingiza, kabla hujasafiri, pamoja na kufuata masharti ya Marekani ya kuitoa kule. Sheria yetu inahesabu risasi pia. Ule mkoba uliokuwa ukienda nao shabaha, ukaugeuza kuwa mkoba wa safari, upekue kila mfuko. Risasi moja iliyosahaulika inatosha kukuharibia Krismasi.

23. Basi siku nyingine mtu akisimama kwenye mdahalo akaitaja Marekani, muulize maswali matatu tu:

Unazungumzia mgeni wa hadhi gani, wa viza ya muda, mkaaji wa kudumu, au asiye na karatasi?
Unazungumzia jimbo gani?
Na akikosea, yeye anapoteza nini ambacho raia hapotezi?

Akishindwa kujibu hata moja, anatafuta makofi tu.

24. La mwisho, na hili ni la nyumbani kabisa. Ukiona ile picha ya uwanja wa shabaha kwenye grupu ya familia, usiandike "Kamanda". Mpigie kijana simu, muulize viza yake ni gani. Kama hana hakika, aende kwa wakili wa uhamiaji kabla ya kurudi uwanjani, maana uzi kama huu unakufungua macho tu, hauwezi kumsimamia mahakamani. Karo ile mlichanga nyote, shamba liliuzwa, harambee ilifanywa. Saa moja ya kujifurahisha isije ikawa ndiyo iliyomaliza safari.

Mtumie aliye majuu. Maswali yaleteni hapo chini, tutajibizana kwa heshima.